Nimeombewa mara tatu, mbona bado nafanana na baba?

"Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 34, naishi Morogoro, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka 6. Babu yangu alikuwa mlevi na alimpiga bibi. Baba alipopunguzwa kazi kiwandani naye akawa hivyohivyo. Kaka yangu anaanza gongo asubuhi, mke wake ameshakimbia. Mimi niliokoka mwaka 2017 na nilijiapiza sitakuwa kama wao. Sinywi, labda bia mbili tatu mwisho wa mwezi. Lakini mwaka huu nimempiga mke wangu mara mbili. Mara ya pili mtoto aliingia chini ya meza akaziba masikio, nikajiona mimi mwenyewe nikiwa mdogo. Nimeombewa mara tatu kuvunja laana ya ukoo na nimetoa sadaka ya madhabahu jumla shilingi 300,000. Sasa mtumishi anasema nikachukue udongo wa kaburi la babu, maana nina jina lake, na kwamba bibi ndiye ameshikilia madhabahu ya ukoo. Nataka pia kumpeleka kaka kwenye mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji. Je, ni laana kweli? Mbona haikatiki? Na mwanangu atarithi?"

Ndugu yangu, umeuliza juu ya babu, baba, kaka, bibi na mwanao. Mkeo umemtaja, lakini hujauliza lolote juu yake. Sisemi hivi kukuchoma. Nasema kwa sababu urithi wenyewe umejificha hapo: katika nyumba za namna hii aliyepiga ndiye huombewa, aliyepigwa hupewa pole na kurudishwa jikoni. Kwa hiyo tuanze naye.

Kabla ya maombi ya nne, mwambie mkeo, mchana, mkiwa mmetulia, kwamba siku yoyote akiona hali inabadilika aondoke na mtoto bila kuomba ruhusa. Nyumba ya kwenda achague yeye. Nauli iwe mikononi mwake, siyo kwenye simu yako. Kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto vikae anapopajua yeye. Achague pia watu wawili wa kuambiwa ukweli wote, angalau mmoja awe wa kwao. Akitaka kukaa kwao miezi mitatu, asibebeshwe "saba mara sabini". Kusamehe ni jambo lake na Mungu wake. Kulala chumba kimoja na mtu aliyempiga mara mbili ni jambo la usalama, na hayo mawili hayalazimiki kwenda pamoja. Wazee wa kanisa wakimfungulia Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana, waombe wausome mstari mpaka mwisho, maana palepale unamkemea mtu anayeifunika nguo yake kwa udhalimu. Nusu ya kwanza kila mtu anaijua. Nusu ya pili sijui huwa inapotelea wapi.

Sasa laana. Wanaofundisha laana ya ukoo hawakuitoa hewani. Wanaanzia Kutoka 20:5, Mungu anapowapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Lakini mstari unaendelea: ni cha "wanichukiao", na unaofuata unataja rehema kwa maelfu wampendao. Ndipo anakuja Ezekieli, sura ya 18. Watu waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yameingia ganzi. Mungu akawaambia waache kuitumia. Halafu nabii anaeleza watu watatu wa ukoo mmoja: baba mwema, mwana mwaga damu, na mjukuu. Huyo mjukuu, aya ya 14, anaziona dhambi zote alizozitenda baba yake, anaogopa, wala hafanyi kama hayo. Haombewi na mtu, wala haendi makaburini. Anatazama alichokifanya baba yake bila kukipamba, na anageuka.

Kama ningeruhusiwa mstari mmoja tu kwa ajili yako, ningechukua 1 Petro 1:18. Mtume anasema tulikombolewa, si kwa fedha wala dhahabu, kutoka katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, bali kwa damu ya Kristo. Angalia maneno mawili. La kwanza ni fedha: ile 300,000 umelipia kitu kilichokwisha lipiwa, na risiti iko kwenye Biblia yako. La pili ni mwenendo. Petro anajua kuwa kuna kitu kinapokelewa kwa wazazi, hakatai, lakini anakiita mwenendo. Hatia hufutwa siku ile mtu anapotubu. Mwenendo huachwa kwa kufundishwa mwingine, na hapo ndipo penye kazi ambayo hakuna mtumishi anayeweza kuifanya kwa niaba yako kwa kukuwekea mikono. Swali lako la "mbona haikatiki" jibu lake ni hilo: umekuwa ukiomba kifutwe kitu kilichokwisha futwa, huku kile kinachohitaji kufundishwa upya hakijaguswa.

Najua utaniuliza juu ya Gideoni, maana ndiye hutumika sana kwenye mahubiri ya madhabahu za ukoo. Soma Waamuzi 6. Madhabahu ya baba yake yalikuwa ya kushikika, yamesimama, kila mtu anayaona. Gideoni alichukua watumishi kumi na ng'ombe wa baba yake, akayabomoa usiku kwa mikono. Yako nayo yanaonekana: ni bia ya mwisho wa mwezi, ni mkono unaonyanyuka, ni kimya kinachofuata asubuhi mnapokunywa chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Na soma mpaka sura ya 8, ambako wahubiri wengi hawafiki: Gideoni huyohuyo akatengeneza naivera, vazi la kikuhani, ya dhahabu, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Mtu anaweza kubomoa madhabahu ya baba na kusimika yake.

Urithi huu hupitaje, basi? Upo unaopita kwa damu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika hatari ya kuwa mlevi hutokana na vinasaba. Kinachorithiwa ni wepesi wa kunaswa, siyo ulevi wenyewe. Alama yake mojawapo huwashangaza wengi: watoto wa walevi mara nyingi hawalewi haraka, glasi mbili hazisikiki mwilini, na wao huona hiyo ni sifa. Ni hatari, kwa sababu breki inachelewa kushika.

Upo pia unaopita kwa macho na masikio. Mtoto wa nyumba ya kipigo hujifunza kusoma hatua za baba kabla mlango haujafunguliwa: leo anaburuta mguu, leo kuna shida. Mwili wake huzoea kukaa tayari kwa vita. Akikua, mkewe akimjibu kwa sauti kidogo tu, mwili unalia king'ora kilekile cha miaka ya nyuma, mapigo ya moyo yanapita 100 kwa dakika naye amekaa kitini, na katika hali hiyo masikio hayasikii tena hoja. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliofanyika San Diego, Marekani: watu wazima waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja. Ni hatari, siyo hukumu. Wengi waliokulia kwenye kelele kama zako hawampigi mtu.

Lakini tusimalizie kwenye mwili, maana hapo wanaume wengi hujificha. Jiulize hili: mwaka huu bosi wako hajakuudhi? Trafiki hajakuonea? Mbona wao hujawapiga? Basi mkono wako una breki, tena nzuri. Ulichorithi zaidi ya hasira ni sentensi moja ambayo hakuna aliyekufundisha kwa maneno: huyu ni mtu ninayeweza kumpiga. Ukitubu hasira bila kuitubu sentensi hiyo, utajifunza kupiga kwa sauti ya chini. Na kama unashangaa kwa nini kuombewa mara tatu hakukuzaa kitu, rudi kwa Petro, barua ileile, 3:7: waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Kinachozuia maombi kimetajwa, na hakipo kaburini kwa babu.

Cha kufanya sasa. Toba yenyewe ifanye nyumbani, bure. Walawi 26:40 na Nehemia 9 zinatupa mfano wa kuungama maovu yetu na ya baba zetu, na faida yake ni kwamba inavunja siri. Sema kwa majina ya vitendo, usiseme "madhaifu": "Babu yangu alimpiga bibi. Baba yangu alimpiga mama. Mimi nimempiga mke wangu, tarehe fulani na tarehe fulani. Naikataa njia hii katika jina la Yesu." Mkeo asilazimishwe kuwepo. Akitaka kusikia, sawa.

Halafu zoezi. Andika dalili zako tatu za mwanzo kabisa, kabla ya kelele. Kwa wengi ni taya kukaza, masikio kupata moto, na sentensi fulani kichwani, mara nyingi "ananidharau". Ikitokea moja, unatoka wewe, siyo mkeo. Unasema maneno mliyokwisha kubaliana: "Natoka, narudi baada ya saa moja." Kutaja muda wa kurudi ni lazima; ukitoka kimya utakuwa unamwadhibu. Tembea kwa miguu, usiende baa, usiendeshe gari. Mwili uliopanda unahitaji angalau dakika 20 kushuka, na hautashuka kama njia nzima unapanga utakavyomjibu. Chukua Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu", vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, rudia. Ukirudi na bado unataka kushinda ugomvi, hujarudi, zunguka tena. Fanya zoezi hili mara tatu kwa wiki hata kama hakuna ugomvi. Kwaya haijifunzi wimbo Jumapili asubuhi.

Tafuta shahidi. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi sisi kwa sisi, na wengi hufanya hivyo kwa kusema "niombee, napita kwenye vita". Hiyo siyo kuungama. Shahidi awe mwanaume aliyekuzidi umri, mkeo anamwamini, na ana ruhusa ya kumuuliza mkeo peke yake. Mkutane nusu saa kila wiki, siku ileile. Akuulize: umepandisha sauti mara ngapi? Umemgusa kwa hasira? Umemtisha, umemnyima hela ya matumizi, umempekua simu? Umekunywa? Mpango huu huharibikia sehemu moja, shahidi anapoanza kukufariji kwa "sote ni binadamu". Akianza hivyo, tafuta mwingine.

Kuhusu bia, chukua kalenda uangalie tarehe zile mbili. Kama hata moja iliangukia siku ya mshahara, unajua la kufanya. Hata kama haikuangukia, kwa mti wa ukoo kama wako kipimo salama ni sifuri.

Chora mti wenyewe. Karatasi moja, vizazi vitatu, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake. Weka alama ya pombe, alama ya kipigo, alama ya aliyekimbia. Kisha kaa na shangazi mkubwa na umuulize mwaka. Babu alianza lini? Alikwenda vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Baba alikuwaje kabla ya kiwanda kupunguza watu? Sababu haimsafishi mtu, ila inaondoa ile hofu ya kitu kisicho na mwanzo. Muulize pia nani hakunywa. Katika kila ukoo yupo mjomba au baba mdogo ambaye hakugusa pombe na hakumgusa mkewe, lakini hasimuliwi kwa sababu maisha yake hayakuwa na vurugu za kusimulia. Mtafute huyo, kama yu hai, ukale naye.

Kaka yako: tafadhali usimpeleke kwenye mfungo mkavu. Hili linaua. Mtu anayekunywa gongo kila asubuhi mwili wake umejijenga juu ya pombe. Ukimkatia ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege linaweza kuja katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, hupiga kelele. Kwenye kambi za maombi hali hiyo husomwa kama pepo anajidhihirisha, mtu anafungwa kamba na kunyimwa maji, na hapo ndipo wanapofia. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, sema wazi anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, na lini alikunywa mara ya mwisho. Zipo dawa za kumshusha taratibu, na huhitaji vitamini B1 ambayo walevi hupungukiwa. Mfungo mshike ninyi mnaomwombea. Yeye ale na anywe maji. Baada ya hapo ndipo vikundi vya walevi waliopona vinapofaa, kama vile Alcoholics Anonymous vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ambavyo hatua zake zinajumuisha kuungama kwa mtu mwingine na kuwarudia uliowaumiza, jambo ambalo Zakayo alilifanya kwa kurudisha mara nne.

Bibi na udongo nayajibu kwa ufupi kwa sababu hayastahili urefu. Usichukue udongo, hiyo ni ramli iliyovalishwa suti. Jina la babu baki nalo. Yabesi alipewa jina la huzuni na mama yake, na katika 1 Nyakati 4 aliomba akabarikiwa akiwa na jina lilelile. Na bibi yako, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe ndiye aliyepigwa, asiguswe. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa sheria ya Tanzania, na katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Mtumishi anayegeuza mwathirika wa kwanza kuwa mtuhumiwa, anayedai fedha, anayezuia hospitali, au anayemwambia mkeo anyamaze, muage kwa heshima na usirudi. Mchungaji mzuri utamtambua kwa jinsi anavyojua mipaka yake na kukuelekeza kwingine.

Kuna wakati haya yote hayatoshi na huwezi kusubiri. Ukimkaba mkeo koo hata mara moja, ukishika kitu cha kumpigia, ukitishia kuua, ukimpiga mtoto, ondoka nyumbani siku hiyohiyo, na yeye aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Akiwa ameumia, achukue fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Usimzuie, usimtume mchungaji kumbembeleza. Kwa masuala ya mtoto, simu 116 ni bure. Na wewe ukianza kuona heri ufe kuliko kuwa kama baba, hayo ni maneno ya mgonjwa. Nenda kitengo cha afya ya akili hospitalini, usiyamalizie kwenye mkesha.

Usitegemee wiki mbili. Mfalme Yosia alikuwa mwana wa Amoni na mjukuu wa Manase, watu wabaya wote wawili, ingawa Manase alinyenyekea mwishoni. Kwa 2 Nyakati 34, alianza kumtafuta Mungu mwaka wa nane wa kutawala, akaanza kusafisha nchi mwaka wa kumi na mbili, na kitabu cha torati kikapatikana mwaka wa kumi na nane. Pombe unaweza kuteleza, ukamwambia shahidi kesho yake, ukaendelea. Kupiga hakuna posho ya kuteleza.

Na mwanao. Atarithi anachokiona kuanzia sasa, pamoja na alichokwisha kukiona, na cha pili hakifutiki kwa wewe kunyamaza. Mkalie chini, sakafuni, macho yenu yawe sawa. Mwambie: "Baba alimpiga mama. Baba alikosa. Siyo kosa lako, wala siyo la mama." Usimwombe akusamehe, usimpe soda, usimkumbatie asipotaka. Akikuuliza kama utapiga tena, usiape. Mwambie unajifunza kwa mzee fulani kila wiki, umtajie jina lake, na kwamba baba akikasirika atatoka nje atembee na kurudi. Kisha siku ukitoka kweli, mwache achungulie dirishani mpaka akuone unarudi saa uliyoitaja. Akiwa chini ya meza ukiingia, usimwite atoke. Vua viatu, salimia nyumba kwa sauti ya kawaida, kaa.